Tadbiri ya Mkasa: Namna Riwaya Inavyopangwa Kabla ya Kuandikwa

Mwaka 1885 mwandishi wa Kiingereza, H. Rider Haggard, alitoa riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili walikuja kuijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na ndani yake aliweka tukio ambalo aghalabu halimtoki akilini mtu aliyeisoma utotoni: wasafiri wa Kizungu, wakitakiwa waonyeshe dalili ya uwezo wao mbele ya wakubwa wa nchi ngeni, wanafungua kalenda waliyoibeba, wanaona kwamba jua litapatwa karibuni, na wanajitangaza kuwa wao ndio watakaolizima. Hila ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na taksiri moja kubwa. Katika chapa ya kwanza mwandishi alikuwa amekwisha kuzipa siku zile zile mwezi mpevu. Na mtu wa pwani, ambaye tangu utoto huhesabu mwezi mwandamo kwa ajili ya saumu na sikukuu, hana haja ya kuwa mnajimu ili ajue kwamba jua hupatwa wakati mwezi umekwisha hesabu yake na kufichika, wala haliwezi kupatwa ilhali mwezi umejaa upande wa pili wa mbingu. Haggard alilitambua kosa, na katika chapa za baadaye akageuza kupatwa kwa jua kuwa kupatwa kwa mwezi.

Kisa hiki chastahili kuwekwa mbele ya kila mtu anayetia nia ya kutunga riwaya, kwa kuwa chaonyesha aina ya deni ambalo mtungaji hujitwika tangu sentensi yake ya kwanza. Akisema usiku ulikuwa wa mbalamwezi, amekwisha kusema neno juu ya kesho yake. Akisema baba wa msichana ni bahili, amekwisha kuweka kizuizi katika harusi itakayokuja sura kumi mbele. Na akimpa mhusika mguu kilema, hana ruhusa tena ya kumrusha ukuta wa gereza usiku wa manane. Kila jambo linaloandikwa hudai haki yake kwa jambo linalofuata. Kazi ya kuyaona madai hayo mapema, kuyapanga, na kuamua lipi litalipwa lini, ndiyo wahakiki wetu wanayoiita msuko au ploti. Nayo ndiyo kazi ambayo, kwa maoni yangu, waandishi wengi wa Kiswahili wa leo huifanya kwa haraka kuliko kazi nyingine zote, ilhali hawana upungufu wa lugha, wala wa maono, wala wa mambo ya kusimulia.

Na tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Mzee mmoja wa Pangani anafariki dunia, wanawe wawili wanagombania shamba lake la minazi, shamba linauzwa kwa mgeni, ndugu wanaachana. Haya ni matukio manne yaliyofuatana, na mtu aweza kuyajaza kurasa mia mbili kwa sifa za mto, na uvumi wa minazi, na mazungumzo ya barazani, asiwe bado ameandika riwaya, kwa sababu hapana tukio hata moja hapo lililomlazimisha mwenzake kuzaliwa. Sasa yatazame kwa nadhari nyingine. Mzee alimjua mwanawe mkubwa kuwa ni mcheza kamari, kwa hiyo aliificha hati ya shamba asimwambie mtu isipokuwa mkewe mdogo. Mke yule, akiogopa kutolewa nyumbani eda yake itakapokwisha, akanyamaza. Mwana mdogo, kwa kutoiona hati, akasadiki kwamba kaka yake ameiiba. Na kaka, ambaye pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na hatia, akaghadhibika kwa kusingiziwa hata akaapa kuliuza shamba kwa ushahidi wa majirani, hati iwepo isiwepo. Mauti ni yale yale, na ugomvi ni ule ule, lakini sasa kila mtu ana sababu yake, na kila sababu imetoka katika tabia ya mtu au katika hofu yake. Mtungaji aliyefika hapo hana tena haja ya kujiuliza kitu gani kitokee. Lililobaki kwake ni kuuliza kama watu hawa, kwa jinsi walivyo, waliweza kufanya neno jingine lolote.

Baada ya sababu huja suala la pili, nalo ni la ujuzi: nani ajue nini, na ajue lini. Hati ile yaweza kufichwa kwa wana wa marehemu na isifichwe kwa msomaji. Ikiwa katika sura ya kwanza tulimwona mzee, mikono ikimtetemeka, akiitia hati katika kijidroo cha siri cha kasha lake la njumu, basi kila mara ndugu wale wawili watakapogombana chumbani, mmoja wao akiwa amelikalia kasha lilo hilo, msomaji atataabika, atataka kupiga ukelele, naye hana sauti. Hiyo ndiyo taharuki. Ikiwa hatukuonyeshwa kitu, na hati ikatokea ghafla katika sura ya mwisho, tutashtuka mara moja na kushtuka kwetu kutakoma pale pale. Mimi naipenda taharuki kuliko mshtuko, kwa sababu mshtuko huishi ukurasa mmoja, na taharuki huweza kuishi kitabu kizima. Walakini iko njia ya tatu iliyo bora kuliko hizo mbili, nayo ni kumwacha msomaji ajue kwamba mke mdogo anajua jambo, bila ya kujua ni jambo gani, apate kumchungua katika kila anachofanya: jinsi anavyofuta vumbi, jinsi anavyokataa kasha lisihamishwe, jinsi anavyokuwa wa mwisho kutoka chumbani.

Ufundi huu wa kugawa ujuzi tuliufundishwa katika Kiswahili na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960, yaanza kwa mauaji na kumleta Bwana Msa na kiko chake kuyapeleleza. Pembeni yake yuko Najum, ambaye huona yale yale anayoyaona Bwana Msa, akayasikia yale yale, lakini asiyatambue maana yake. Kwa njia hiyo mwandishi hakulazimika kumdanganya msomaji hata mara moja. Dalili zote ziko mezani, na kilichofichwa ni uelekeo wake. Yeyote aliyejaribu kutunga kisa cha upelelezi ajua kwamba hakiwezi kuanzwa kabla mtungaji hajamjua muuaji, na sababu yake, na kosa dogo alilolifanya. Yaani mtungaji hutembea kwanza kutoka mwisho kuja mwanzo, peke yake, kisha ndipo amshike msomaji mkono ampeleke njia ile ile kwa upande wa pili. Nasema kwamba mwendo huu haupasi visa vya upelelezi peke yake. Riwaya ya mapenzi, riwaya ya siasa, hata riwaya ya maisha ya kijijini yenye utulivu, hufaidika mtungaji akiujua mwisho kabla ya kuchovya kalamu.

Hapa nitapingwa na wale wanaoamini kwamba mpango huua uhai wa kisa, na kwamba mtungaji wa kweli huwafuata wahusika wake bila kujua wanakokwenda. Nawaheshimu, maana wako waandishi wakubwa waliofanya hivyo wakafaulu. Lakini nimeona kwamba wanaofaulu kwa njia hiyo ni wale walio tayari kuandika kitabu kizima, kukisoma, kuigundua njia iliyokuwa imejificha ndani yake, na kukiandika tena kizima kwa kuifuata njia ile. Yaani wao pia hupanga, ila hupanga baada ya rasimu ya kwanza. Asiye na subira ya kuandika mara mbili bora apange mara moja.

Katika vitabu vya Shaaban Robert, mpango ulio wazi kuliko yote ni wa Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Karama ameshtakiwa na Majivuno kwa kuwa ametaka kufundisha uanasheria. Adhabu yaweza kuwa kifo. Naye anapewa siku sita za kujitetea. Kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa kwenda upande mmoja wa ulimwengu, akapata mashaka ya safari, akarudi na jambo la kufaa nchi, na kwa malipo akatiwa kifungoni. Pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, jumla sita, wajumbe sita, siku sita. Kwa mizani ya riwaya ya kisasa mtu aweza kusema kwamba mpango huu una udhaifu, kwa sababu safari za katikati zaweza kubadilishana nafasi bila ya kisa kuvunjika, na msomaji akiisha kuijua hatima ya mjumbe wa pili huwa ameibashiri hatima ya mjumbe wa tano. Hilo ni kweli, na sioni haja ya kulificha kwa ajili ya mapenzi yetu kwa mwandishi. Lakini na tuutendee insafu mpango wenyewe: kinachosonga mbele katika Kusadikika ni hoja ya mshtakiwa zaidi ya mkasa wa wajumbe. Mjumbe mmoja akifungwa, baraza laweza kusema ni ajali; wawili wakifungwa, ni bahati mbaya; lakini mjumbe wa sita akiisha kufungwa, ile ni sera ya nchi, na anayesimama kizimbani si Karama tena. Marudio ambayo yangekuwa aibu katika kisa cha mapenzi yamekuwa nguvu katika kisa cha mahakama. Alichoazimu Shaaban Robert ni kuthibitisha jambo, na umbo alilolichagua ndilo lililofaa azma ile.

Walakini, kama ningeombwa kuonyesha mahali ambapo mpango wa kisa umetimia, nisingefungua kitabu cha nadharia. Ningemwelekeza muulizaji kwenye sura ya 12 ya Kurani Tukufu, Sura ya Yusuf. Sithubutu kuiita riwaya, maana wanaoiamini hawaioni kuwa ni utungo wa mwanadamu, na adabu yanizuia. Natazama tu jinsi habari zinavyoandamana ndani yake. Kijana anaota kwamba nyota kumi na moja, na jua, na mwezi, vinamsujudia. Ndoto yasemwa mwanzoni kabisa na haitimii mpaka mwisho, hata kila shida iliyo katikati, kisima alichotupwa, kuuzwa kwake kwa thamani duni, fitina ya nyumba ya bwana wake, na gereza, husomwa chini ya ahadi ile. Kisha itazame kanzu. Mara ya kwanza ndugu zake wanaileta kwa baba yao imepakwa damu ya uongo. Mara ya pili imechanwa kwa nyuma, na mchano ule ndio ushahidi kwamba mwanamke ndiye aliyemwandama Yusuf naye alikuwa akikimbia. Mara ya tatu kanzu yake inawekwa usoni mwa mzee Yaakub, aliyepofuka kwa huzuni, na nuru ya macho yake inarejea. Vazi la mtu mmoja, mara tatu: kwanza lasema uongo, halafu lasema kweli, mwisho laponya. Mwandishi aliyejifunza kukipitisha kitu kimoja kidogo hivyo katika mkasa mrefu, na kukipa kazi mpya kila kinapotokea, hahitaji maelezo mengi ya kuunganisha sura na sura.

Liko jambo jingine katika kisa hicho ambalo waandishi wachanga hulipita bila kuligusa. Gerezani Yusuf anamfasiria ndoto mfungwa mwenziwe, anambashiria kwamba atatoka, na anamwomba amtaje mbele ya bwana wake. Mtu yule anatoka, na anasahau. Miaka inapita. Mpaka siku mfalme anapoota ng'ombe saba wanene wakiliwa na saba waliokonda, na hapana anayejua maana, ndipo aliyesahau anakumbuka. Kusahau kule kwaonekana kama pigo lisilo na faida, kumbe ndiko kulikomweka Yusuf mahali pale mpaka saa ambayo nchi nzima ingemhitaji. Angetajwa mapema, angetoka gerezani akiwa mtumwa aliyesamehewa na si zaidi. Kucheleweshwa kumefanya kazi. Katika miswada mingi yetu kuchelewa huwa ni kurasa za kujaza kitabu. Hapa kuchelewa ndiko kunakobadili thamani ya tukio linalongojwa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alikitumia kisa hicho katika Paradise, riwaya aliyoitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf wake anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, anafuata msafara kwenda bara, na bibi wa nyumba anamtamani. Msomaji wa pwani anaijua njia hii, na kwa kuijua anangoja utukufu na kurejea kwa baba; lakini wakati ule Wajerumani wamekwisha kuishika nchi, vita vinakaribia, na kijana mwishoni anakimbilia safu ya askari wanaopita. Nguvu ya mwisho ule imekopwa kwa mpango wa kale: pasipo ahadi tunayoijua, pasingekuwa na uchungu wa ahadi isiyotimizwa. Yafaa mwandishi kijana ajue kwamba kuazima umbo la kisa kinachojulikana ni mila ya zamani isiyo na aibu, na kwamba saa ya kuliacha umbo lile ndiyo saa ya kulitumia kwa ukamilifu.

Sasa nitasema habari ya sadfa, ambayo yanikera kuliko kasoro nyingine zote. Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akiandika juu ya tamthilia za tanzia, alitaka fundo la kisa lifunguke kutokana na kisa chenyewe, akawalaumu watungaji waliomshusha mungu jukwaani kwa mtambo ili aje kuwatoa wahusika katika shida. Mitambo yetu ya leo ni mingi zaidi: gari linalomgonga adui siku ya hukumu, mjomba tajiri anayerudi kutoka Uarabuni bila ya kutajwa kabla, alama ya kuzaliwa begani inayofichua kwamba wachumba ni ndugu wa baba mmoja. Nikubali kwamba maisha yana sadfa, na pia kwamba riwaya nzuri nyingi huanza kwa sadfa: watu wawili kukutana katika jahazi moja, barua kufika nyumba isiyo yake. Sadfa inayowatia wahusika taabuni msomaji huipokea bila ya kinyongo. Inayowatoa taabuni humwibia, kwa kuwa ameacha shughuli zake na kuwafuata watu hawa kwa mamia ya kurasa ili aone wao wenyewe watafanya nini.

Kinyume cha sadfa ni mnyororo wa sababu, na katika Kiswahili mnyororo ulio mkali sana ni wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Katika kurasa za mwanzo, kijijini Ukerewe, Zakaria anamkuta binti yake na barua ya kijana Charles, anampiga kipigo cha kuogofya, na tangu siku hiyo Rosa anakua akiwaogopa wanaume wote. Anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hana silaha ya ndani ya kujilinda, kwa sababu kilichomlinda siku zote kilikuwa nje yake. Anguko lake lote, mpaka kujiua kwake, laweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi kipigo kile. Wasomaji wengine huikumbuka riwaya hii kwa ukali wa mambo yake. Mimi huishika kwa ajili ya jinsi mwandishi alivyojua, tangu barua ile, anakokwenda.

Ile piramidi ambayo wanafunzi huchoreshwa, yenye utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka na hatima, yatokana na Mjerumani Gustav Freytag, aliyeieleza mwaka 1863 alipokuwa akisema habari za tamthilia. Ni mchoro mzuri wa kuchambulia kazi iliyokwisha. Kwa kupangia kazi ambayo bado, una msaada haba, kwa sababu haukwambii neno juu ya sababu wala juu ya ujuzi, na huwafanya wengi waamini kwamba kilele hukaa katikati ya kitabu kama kilele cha mlima.

Vyombo vya kupangia ni vya namna nyingi, na kila mwandishi huchagua chake. Charles Dickens, aliyetoa riwaya zake nyingi kwa sehemu za kila mwezi na kwa hiyo hakuweza kurudi kuzirekebisha zilizokwisha kuuzwa, alitenga karatasi kwa kila sehemu na kuigawa mara mbili: upande mmoja aliandika yatakayokuwa katika sura, na upande wa pili alijiuliza maswali, fulani aonekane sasa au asionekane, akajijibu ndiyo, au hapana, au bado. Jibu la bado ndilo lenye elimu kubwa. William Faulkner aliandika mpango wa A Fable, riwaya yake ya mwaka 1954, siku kwa siku za wiki moja, juu ya ukuta wa chumba chake cha kazi katika nyumba ya Rowan Oak mjini Oxford, Mississippi, na maandishi yale yangali ukutani mpaka leo. Robert Louis Stevenson alianzia kwenye ramani: mwaka 1881, huko Uskochi, alichora kisiwa cha kubuni pamoja na mtoto wa mkewe, na kutokana na ghuba na vilima vya mchoro ule kikazaliwa kile tunachokiita Kisiwa chenye Hazina. Ramani ilipotea njiani ilipopelekwa kwa wachapishaji, na ikamlazimu kukisoma kitabu chake mwenyewe neno kwa neno ili aichore upya ilingane na umbali alioutaja.

Kwa mwandishi wa huku kwetu, ningependa ramani ile iandamane na kalenda. Jahazi linalotoka Maskati kuja Unguja huja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, na hurudi kwa kusi. Riwaya ya karne ya kumi na tisa inayomshusha nahodha wa Kiarabu bandarini mwezi wa Agosti, tanga limejaa upepo, imeanguka kabla nahodha hajafungua kinywa. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, hata anayetaka mhusika wake afunge wakati wa masika hana budi kuuchagua mwaka. Na anayeandika juu ya tukio la historia, kama alivyofanya Shafi Adam Shafi katika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, ambamo mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948 ndio mhimili, hana uhuru wa kuisogeza tarehe ile. Uhuru wake uko katika kuamua kijana wake, Rashidi, afike katika mgomo ule akiwa amepoteza nini, na akiwa na chuki gani kifuani. Historia ilimpa Shafi siku. Sababu za Rashidi alizitafuta mwenyewe.

Haya yote nasema kwa riwaya zinazokwenda kwa sababu na matokeo, na nakiri ziko nyingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa cha Myombekere na Bugonoka, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kitabu kile hupumzika kila mahali: kwenye kilimo, kwenye uvuvi, kwenye pombe na salamu za wakwe. Lakini hata hapo, chini ya mapumziko yote, limelazwa swali moja kama mkuku chini ya jahazi, nalo ni kama mume na mke hawa wanaopendana watapata mtoto. Na kwa sababu swali lile liko, msomaji huvumilia sura nzima ya mambo ya mashamba. Kezilahabi naye, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, aliukata kwa makusudi mnyororo ambao yeye mwenyewe aliufua katika Rosa Mistika. Alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuufua. Sijapata kusoma mswada wa mtu aliyeanza na Mzingile ukanishawishi.

Neno la mwisho ni juu ya mwisho wenyewe, maana ndipo riwaya zetu zinapochoka. Sura tatu za kwanza huenda kwa taratibu, kila mti na kila mgeni akaelezwa. Kisha kurasa zinapokaribia kwisha, harusi, kifungo, ugonjwa na mauti husongamana katika karatasi chache kama abiria wa daladala ya jioni. Msomaji aliyepewa ukurasa mzima wa kumtazama mama akikuna nazi hapewi nusu ukurasa wa kumtazama akizikwa. Ubaya huu hauponi kwa kuongeza kurasa; huponywa kwa kuuandika mwisho mapema, hata ikiwa ni rasimu mbovu, mwandishi akiwa bado na nguvu na hamu yake, kisha kuzipimia mizigo sura za mwanzo kwa kadiri mwisho ule unavyohitaji. Kisichohitajiwa na mwisho, na kiondolewe, hata kikiwa kimeandikwa vizuri.

Basi nakusihi, wewe uliye na mswada sandukuni: kabla hujaupeleka kwa mhariri, chukua karatasi moja, uiandikie kila sura mstari mmoja tu, na mbele ya kila mstari uandike ni kitu gani katika sura iliyotangulia kilichoilazimisha sura hii kuwapo. Mahali utakapokosa jibu, usiende kwa mchapishaji, rudi mezani.